Kwenye kishikwambi glopu zinawaka, mezani haziwaki: tatizo ni programu?

Swali: Nafundisha Sayansi na Teknolojia Darasa la VI, wanafunzi 64. Shuleni tuna kompyuta mpakato moja, projekta, na vishikwambi vitano vya walimu tunavyoazimana. Nilitumia programu ya PhET ya kuunda sakiti kwa vipindi vitatu. Watoto walichangamka na kila kundi likawasha glopu. Wiki iliyofuata niliwapa betri, waya na glopu halisi. Kati ya makundi 16, matatu tu ndiyo yaliyofanikiwa kuwasha. Je, programu hizi zinajenga stadi za kisayansi kweli, au tunapoteza vipindi? Kama zinafaa, nizitumieje kwa vifaa hivi nilivyonavyo?

Jibu: Pole na majukumu, Mwalimu. Zinafaa, ila uliipa programu kazi isiyo yake. Programu ya sakiti ni hodari kwa kile ambacho jicho halioni: mkondo unapita wapi, unagawanyika wapi, unabaki vilevile wapi. Mkono kushika waya haufundishi. Watoto wako walijifunza barabara kile walichokifanya, na walichokifanya kilikuwa kuburuta picha.

Shika glopu ya tochi uitazame kwa karibu. Ina sehemu mbili tu za kupokea umeme: ule ukosi wa chuma wenye michirizi ya kukazia, na kile kidoti cha lehemu chini kabisa, kitakoni. Kati ya ukosi na kidoti kuna kitu cheusi kisichopitisha umeme. Mtoto asiyelijua hilo atagusisha ncha zote mbili kwenye kidoti, au zote mbili kwenye ukosi, au moja ataiweka kwenye kioo. Kwenye PhET shida hiyo haipo. Glopu imechorwa na viduara viwili vya kuunganishia, na ncha ya waya ikisogea karibu na kiduara inanasa yenyewe. Waya wa kwenye skrini hauna ganda la plastiki la kumenya. Betri yake haiishi nguvu, haishiki kutu, wala haihitaji kushikiliwa. Mezani, watoto wanne wanaweza kujikuta wanahitaji mikono tisa.

Kwa hiyo yale makundi 13 huenda yanaijua sakiti vizuri tu, ila hayaijui glopu. Ni kasoro ndogo, inatibika kwa kipindi kimoja.

Kuhusu kama programu zinafaa, utafiti upo. PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na mwanafizikia Carl Wieman. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi ya watafiti wa chuo hicho iliyoonyesha kwamba wanafunzi waliojifunza sakiti kwa programu waliwazidi wenzao wa maabara hata walipopewa vifaa halisi waunde na kueleza. Lakini hao walikuwa watu wazima wa chuo kikuu, ambao hawashangai kuona glopu. Kwako ninauamini zaidi utafiti wa Tomi Jaakkola na Sami Nurmi wa Finland, uliotoka mwaka 2008 na kuhusu watoto wa shule ya msingi: waliotumia programu pamoja na vifaa halisi walielewa umeme kuliko waliotumia programu peke yake, na pia kuliko waliotumia vifaa peke yake. Mpango ninaokupa hapa umejengwa juu ya huo mchanganyiko.

Kipindi cha kwanza: zima skrini

Dakika 40, makundi 16 ya watoto wanne. Kila kundi lipewe betri moja kubwa ya tochi (saizi D), glopu moja na waya mmoja wa sentimita 25. Narudia, waya mmoja. Ukiwapa wawili wataunda picha waliyoizoea kwenye skrini bila kufikiri. Kwa waya mmoja inabidi kidoti cha glopu kikae juu ya betri yenyewe, kwenye kile kichwa cha chanya, halafu waya utoke kitako cha betri uje uguse ukosi. Hapo ndipo wanapogundua kwamba glopu ina milango miwili.

Kabla hawajagusa kitu, kila mtoto achore kwenye daftari anavyodhani itawaka. Dakika tano. Kisha wape dakika 15 bila kuwaonyesha. Kundi likikwama, uliza tu: “Umeme umeingilia wapi kwenye glopu? Umetokea wapi?” Wakishawasha, wachore njia mbili zilizowasha na mbili zilizokataa. Hizo zilizokataa wasizifute. Daftari lenye majaribio yaliyoshindikana ndilo rekodi ya kisayansi, na watoto wetu wana mazoea mabaya ya kufuta kila kitu mpaka kibaki kile cha ubaoni.

Vifaa: betri 16, glopu 16 na za akiba nne. Tafuta glopu za volti 2.5, ampea 0.3, zile za tochi za zamani za betri mbili. Kwa betri moja zitawaka kwa kufifia, hivyo funga madirisha upande wa jua. Hapa kuna mtego wa siku hizi: tochi nyingi dukani ni za LED. Taa ya LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, kwa hiyo betri moja ya 1.5 haiiwashi kabisa, na ukigeuza miguu yake haiwaki hata betri zikiwa mbili. Utadhani watoto wamekosea kumbe kifaa ndicho kimekataa. Ukikosa glopu za tochi ulizia kwa mafundi baiskeli, wanazo za taa ya dainamo. Hizo ni za volti 6, kwa hiyo anza na betri mbili.

Waya usinunue. Mwombe fundi mitandao vipande vya kebo ya kufungia ukutani. Ndani yake mna nyaya nane za shaba ngumu, kwa hiyo mita moja inakupa vipande 32 vya sentimita 25. Epuka kebo laini za kuchomeka kwenye kompyuta, maana shaba yake ni nyuzinyuzi zinazotawanyika. Menya sentimita mbili kila ncha wewe mwenyewe kwa wembe, nyumbani, si darasani.

Na mikono ile tisa, kwenye kipindi pacha kinachofuata ambako nyaya ni zaidi ya mmoja? Kata tairi la ndani la baiskeli upate pete za upana wa sentimita mbili. Vuta pete kuzunguka betri kwa urefu wake, ibane ncha ya waya mmoja kwenye chanya na ya waya mwingine kwenye hasi. Ncha ya pili ya waya mmoja izungushwe kwenye ukosi wa glopu mara mbili, ikazwe. Kidoti kikalie kipande cha karatasi ya foili kilichogundishwa kwenye boksi, na ncha ya pili ya waya ule mwingine ipite chini ya foili hiyo.

Kipindi pacha: hapa ndipo programu inapoingia

Dakika 80. Una skrini sita, si tano, kwa sababu kompyuta mpakato nayo inahesabiwa. Projekta utaihitaji kwa dakika chache tu mwanzoni. Gawa makundi 16 katika mafungu matatu: sita, matano, matano. Vituo viwe vitatu pia: skrini, vifaa, karatasi. Kila kituo dakika 20, kisha wanazunguka. Dakika 10 za mwanzo ni za ubashiri wa darasa zima, 10 za mwisho ni za kulinganisha matokeo. Kituo cha vifaa kinahitaji seti sita: betri mbili, glopu mbili na nyaya nne kila seti. Betri na glopu za kipindi cha kwanza zinatosha, na nyaya 24 zitatoka kwenye vile vipande 32.

Ubashiri ufanyike kwa kalamu, kabla kishikwambi hakijawashwa. Maswali ni matatu tu:

1. Glopu moja inawaka. Mkondo kabla ya kuingia kwenye glopu na baada ya kutoka, upi mkubwa?
2. Tukiongeza glopu ya pili kwa mfuatano (zote kwenye njia moja), mkondo utakuwaje?
3. Tukiongeza ya pili kwa sambamba (kila moja kwenye tawi lake), kila glopu itapata mkondo kiasi gani, na betri itatoa kiasi gani?

Swali la kwanza ndilo lenye thamani. Watoto wengi watakuandikia kwamba kabla ni mkubwa, kwa sababu glopu “imekula” umeme. Wazo hilo limeandikwa na watafiti wa nchi nyingi, na maelezo ya mwalimu hayaling'oi. Kinacholing'oa ni mtoto kuona namba mbili zinazolingana baada ya yeye mwenyewe kuandika kwamba hazitalingana. Asipoandika kwanza, ataziona zile namba na kusema “nilijua”.

Kwenye programu, Circuit Construction Kit: DC, fungua ukurasa wa Intro. Betri huja ikiwa na volti 9 na glopu ina ukinzani wa omu 10. Gusa betri, shusha hadi volti 3, ifanane na betri mbili za mezani. Chukua ile ampamita (kipima mkondo) unayoisogeza juu ya waya bila kukata sakiti. Glopu moja itakupa ampea 0.30 upande huu na 0.30 upande ule. Mbili kwa mfuatano, 0.15 popote utakapopima. Mbili kwa sambamba, 0.30 kwenye kila tawi na 0.60 karibu na betri.

Zingatia kile kitufe cha rangi ya chungwa cha kuanza upya, pembeni chini. Mtoto akikigusa, sakiti yote inafutika, na betri atakayoiburuta upya inakuja na volti 9 bila kelele. Kundi likikuletea 0.90, 0.45 na 1.80, usihangaike kutafuta kosa la kuunganisha. Namba zao ni sahihi, zimezidishwa mara tatu tu.

Kosa baya zaidi linafanana na hilo lakini ni la mtoto, si la kitufe. Mtoto ana glopu moja kwa volti 3, anasoma 0.30. Anaongeza glopu ya pili kwa mfuatano, anaona zimefifia, hapendi, anapandisha betri hadi 9. Sasa anasoma 0.45. Anaandika: “Ukiongeza glopu, mkondo unaongezeka.” Namba zote mbili amezisoma sawasawa, hitimisho limepinduka, kwa sababu amebadilisha vitu viwili kwa mkupuo. Usimwambie jibu. Muulize, “Kati ya 0.30 na 0.45 umebadilisha vitu vingapi?” Kubadilisha kitu kimoja na kushikilia vingine ndiyo stadi kubwa kuliko zote utakazofundisha kwa programu, na skrini inaifundisha vizuri kwa sababu kurudia jaribio ni sekunde kumi na hakuna betri inayoisha. Lakini skrini hiyohiyo inarahisisha kuivunja, maana kila kitu kinaburutika.

Ndiyo maana kuna kituo cha karatasi. Andaa majaribio matatu ya wanafunzi wa kubuni. Mmoja amebadilisha idadi ya glopu peke yake. Wa pili amebadilisha glopu na betri. Wa tatu hakubadilisha kitu ila amepima mara tatu. Kundi liamue jaribio lipi linaweza kujibu swali “idadi ya glopu inaathirije mkondo?” na kwa nini. Huyu wa tatu huzua ubishi mzuri, waache wabishane.

Kuhusu zile chembe za buluu za elektroni: zionyeshe baada ya namba kuandikwa, si kabla. Zinasaidia sana kuona kwamba zinazoingia kwenye glopu ni sawa na zinazotoka. Zina matatizo mawili. Zinatembea kutoka hasi kwenda chanya, wakati mshale wa kitabuni unatoka chanya kwenda hasi. Sema sentensi moja tu, kwamba mshale uliwekwa kabla elektroni hazijajulikana, na uendelee. Tatizo la pili ni ukubwa: watoto hudhani elektroni ni vipunje unavyoweza kuvishika. Waambie ni mchoro.

Wakifika kituo cha vifaa, kuna jambo litakalokusumbua usipojiandaa. Kwenye skrini, kuongeza glopu kwa sambamba hakupunguzi mwanga wa ile ya kwanza hata kidogo. Mezani zitafifia kiasi, hasa betri zikiwa zimechoka. Mtoto atakayekuambia “mwalimu, programu imesema uongo” usimkatishe. Betri ya programu imewekwa haina ukinzani wa ndani. Betri ya dukani inao, na unaongezeka kadiri inavyochoka. Ukiwa na kundi hodari, wafungulie mipangilio ya ziada, wapandishe ukinzani wa betri, waone programu nayo ikifanya kama meza. Ni somo zuri kuliko yale maswali matatu ya awali, ingawa silabasi haiwadai kiasi hicho.

Vivyo hivyo, ukibahatika kupata ampamita halisi usitegemee glopu mbili za mfuatano zikupe nusu kamili ya mkondo. Waya mwembamba wa ndani ya glopu ukiwa na joto dogo unakuwa na ukinzani mdogo, hivyo utasoma zaidi ya nusu.

Usalama. Programu inaruhusu kuunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na betri inawaka moto kwenye skrini. Watoto wanaipenda hiyo kuliko somo zima, na watataka kuijaribu. Betri ya saizi D ikiunganishwa hivyo inapasha waya moto wa kuunguza vidole na inaisha upesi. Betri za simu usiziruhusu mezani kabisa. Slaidi ya volti kwenye programu inafika 120, kwa hiyo waambie waziwazi kwamba soketi ya ukutani ni volti 230 na haiguswi kwa jaribio lolote.

Mambo ya mitambo, kwa ufupi

Huhitaji intaneti siku ya somo. Kila programu ya PhET ya aina mpya ni faili moja la HTML la megabaiti chache. Lipakue mara moja mjini, lihamishie kwenye vishikwambi kwa kadi ya kumbukumbu au kebo. Ukilifungua, chagua Chrome. Kishikwambi kikilifungua kwa kile kisomaji chake cha HTML utaona ukurasa mweupe na utadhani faili limeharibika. Ukipata ruta, hata isiyo na bando, weka programu iitwayo Kolibri kwenye kompyuta mpakato, nayo itavigawia vishikwambi vyote programu hizo bila mtandao wa nje.

Kwenye tovuti ya PhET unaweza kuchuja kwa lugha. Chagua Kiswahili uone zilizotafsiriwa. Ambazo hazijatafsiriwa zina maneno machache, kwa hiyo andika ubaoni sita au saba wanayoyahitaji na maana zake. Jaribu kila kishikwambi jana yake, chaji zote zijae, na uweke hali ya ndegeni. Hivi ni vishikwambi vya walimu, vingi vikiwa ni vile vilivyogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022, na ujumbe wa faragha wa mwenye kifaa ukichomoza mbele ya watoto, kipindi kimekwisha.

Mada nyingine? Hali za maada kwa picha ya chembe, na nguvu ya uvutano mwezini: skrini inafaa, kwa sababu hakuna namna nyingine. Kuota kwa maharage, kuyeyusha chumvi, sumaku, kupima jotoridi la maji: achana na skrini. Hasa vipimo. Programu inampa mtoto namba safi, akipima mara tatu anapata ileile mara tatu, na hapo hajifunzi kwamba kipimo halisi hutofautiana kidogo na lazima kirudiwe.

Upimaji

Usirudie mtihani wa “washa glopu”. Sasa wengi wataweza. Wape sakiti uliyoiharibu. Tengeneza kasoro nne, kila kundi lipate mojawapo: ncha moja ya waya haijamenywa, glopu moja imekatika, waya wa ukosi umelegea, au betri mbili zimepangwa chanya kwa chanya. Dakika 15. Kanuni ni moja: wabadilishe kitu kimoja, wajaribu, waandike, kabla ya kugusa kingine. Katika alama 10, sita ziende kwenye maandishi ya hatua, mbili kwenye kuwasha, mbili kwenye kueleza sababu. Kundi linalobadilisha kila kitu kwa wakati mmoja na glopu ikawaka lipate zile mbili za kuwasha tu.

Hiyo ya chanya kwa chanya ndiyo itakayowachelewesha. Watatoa betri moja, wataijaribu peke yake na glopu, nzima. Watajaribu ya pili, nzima. Watazirudisha vilevile, giza. Kundi likifika hapo, ndipo uwape kishikwambi: waburute betri mbili za volti 1.5, wazipange kama zilivyo mezani, waweke voltimita kwenye ncha mbili za nje. Itasoma sifuri.